Pesa imeenda, tokeni imekataa: mita ya stima inakumbuka nini hasa?

Swali hili linatufikia kila wiki, na mwisho wa mwezi linazidi: "Nimelipa, meseji ya tokeni imeingia, nimebonyeza nambari zote 20, lakini mita inakataa. Sasa pesa yangu iko wapi?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi pesa haijapotea. Ikishatoka kwa simu yako na kufika kwa kampuni ya stima, inageuzwa kuwa uniti, na uniti hizo zinafungwa ndani ya ile nambari ya tarakimu 20. Kuanzia hapo sisi wa malipo tumemaliza kazi, na kampuni ya stima pia imemaliza yake. Anayebaki kuamua ni mita yenyewe, pale ukutani au juu ya mlingoti, bila kumpigia mtu simu. Mita nyingi za tokeni zilizo majumbani hazina laini wala intaneti. Zinaamua kwa kutumia kile kilicho kwenye kumbukumbu yao tu, na kumbukumbu hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani.

Ukijua vile kumbukumbu hiyo inafanya kazi, utajua kwa nini tokeni ya mwaka jana inaweza kukataliwa, kwa nini mwaka 2024 watu walitumiwa nambari tatu badala ya moja, na kwa nini yule jamaa wa mtandaoni anayeuza "tokeni za bei nafuu" anataka kukuibia tu.

Kompyuta ya ukubwa wa ukucha

Ndani ya mita kuna maikrokontrola. Hii ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye chipu moja: ubongo wa kuhesabu, kumbukumbu, na miguu ya kuunganisha vitufe na kioo. Utaikuta pia ndani ya mashine ya kufua, king'ora cha gari na rimoti ya TV. Hata laini ya simu yako ni chipu ya ukoo huo.

Tuchukue mfano wa ATmega328P, ambayo wanafunzi wa elektroniki wanaijua vizuri kwa sababu ndiyo iliyo kwenye ubao wa Arduino Uno. Mita yako huenda ina chipu nyingine, yenye nafasi zaidi, lakini mpangilio unafanana. Chipu hii ina kumbukumbu za aina tatu. Kuna flashi, kilobaiti 32, ambapo programu inakaa. Kuna RAM, kilobaiti 2, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi: stima ikipotea, kila kitu kilichokuwa mezani kinafutika. Halafu kuna EEPROM, kilobaiti 1, daftari dogo la mambo yanayobadilika lakini hayafai kusahaulika.

Kilobaiti 32 si kitu. Picha moja tu uliyotumiwa kwa WhatsApp inaweza kuizidi chipu hii yote mara kadhaa.

Flashi hushika data kwa kunasa elektroni ndani ya seli ndogo sana ambazo zimezungushiwa kihami, ndiyo maana data haipotei hata stima ikikosekana kwa miaka. Shida yake ni kwamba huwezi kwenda kubadilisha baiti moja peke yake, vile ungefuta neno moja la penseli. Lazima ufute ukurasa mzima, kisha uuandike upya. Kwenye chipu ya mfano wetu ukurasa mmoja ni baiti 128. Na kila ukifuta, seli zinachoka kidogo. Mtengenezaji anakuhakikishia mara 10,000 kwa flashi na mara 100,000 kwa EEPROM, baada ya hapo hana ahadi.

Kwa hivyo fundi anayeandika programu ya kifaa kama hiki hujiuliza mambo mawili kila wakati: hii data ni kubwa kiasi gani, na itabadilika mara ngapi?

Orodha ndefu na mtego wake

Data isiyobadilika ndiyo rahisi. Kila kifaa kina orodha zake za kudumu, ambazo watu wa programu huziita safu. Chukua tarakimu zinazoonekana kwenye kioo cha mita. Kila tarakimu imechorwa kwa vijiti 7. Kuandika 8 huwasha vyote, kuandika 1 huwasha viwili. Safu ya maumbo ya 0 hadi 9 inachukua baiti 10 tu, moja kwa kila tarakimu. Ongeza maneno ya kioo kama ile "imekubali" na "imekataa", ongeza viwango vya kusahihisha kipimo ambavyo kiwanda kilipima, na orodha inaanza kurefuka.

Mahali pa safu hizi ni flashi, pamoja na programu. Lakini kuna mtego ambao humpata karibu kila anayeanza kazi hii. Kwenye familia ya AVR, ambayo chipu ya mfano wetu imo, ukiandika safu kwa njia ya kawaida, inakaa flashi sawa, lakini kifaa kikiwashwa inanakiliwa yote hadi RAM. Safu ya kilobaiti 3 inatoshea vizuri kwenye flashi ya kilobaiti 32. Kwenye RAM ya kilobaiti 2 haitoshei hata kwa kuisukuma. Na hata ikiwa ndogo kidogo ikatoshea, inaweza kumaliza nafasi ya kazi nyingine, na kifaa hakitakuambia ukweli. Kitaanza tu vituko: kioo kinaandika vitu visivyosomeka, kinajizima, kinajiwasha. Fundi anaweza kukesha akitafuta kosa kwenye hesabu zake kumbe hesabu ziko sawa.

Dawa yake ni kumwambia mkusanyaji wa programu kwamba safu hii ibaki flashi na isiguse RAM. Kwa chipu hizi neno la kuandika ni PROGMEM, na baadaye unaisoma baiti kwa baiti moja kwa moja kutoka flashi. Inachelewesha kidogo, lakini ucheleweshaji huo hakuna mtu atauona. Chipu nyingi za ukoo wa ARM hazina usumbufu huu, kwa kuwa zinaweza kusoma safu isiyobadilika pale pale ilipo.

Kuna data nyingine hata flashi yenyewe haiwezi kuibeba. Pengine umeona video za India, ambapo maduka mengi yana spika ndogo kaunta inayotangaza kwa sauti pesa iliyoingia, ili mwenye duka asidanganywe na meseji feki. Tuseme unataka spika kama hiyo iseme Kiswahili. Sauti ya kiwango cha simu, baiti moja kwa kila sampuli, hula baiti 8,000 kwa sekunde. Ile flashi ya kilobaiti 32, hata ingekuwa tupu, ingebeba sekunde 4 hivi. Ukisema urekodi kila kiasi kuanzia shilingi 1 hadi 999,999, kila tangazo sekunde 3, unahitaji karibu baiti bilioni 24. Hiyo ni kazi ya kompyuta kubwa, si ya kidude cha kaunta.

Lakini Kiswahili kinahesabika vizuri. Unahitaji moja hadi tisa, kisha kumi, ishirini mpaka tisini. Hayo ni maneno 18. Weka mia, elfu, laki, na "na". Weka "umepokea" na "shilingi". Jumla maneno 24. Kila neno likichukua kama nusu sekunde na kidogo, yote yanakaa kwenye kilobaiti 115 hivi. Bado ni nyingi kwa chipu yetu, kwa hivyo unabandika kando chipu ya flashi ya megabaiti chache, ambayo ni ya bei ya chini, na maikrokontrola inabaki na orodha fupi tu: neno fulani linaanzia wapi na lina urefu gani. (Laki haiko hapo kwa mapambo. Bila laki, spika ikisema "elfu mia moja hamsini", mwenye duka hajui kama ni 150,000 au 100,050. Hiyo ni tofauti ya kugombanisha watu.)

Somo la hapo ni kwamba kitu kikiweza kutengenezwa kwa kanuni, usikihifadhi. Hifadhi kanuni. Mita ya tokeni imejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Mita haina orodha ya tokeni zako

Wateja wengi wanafikiri kwamba ukinunua tokeni, kampuni ya stima inaituma kwa mita kimya kimya, halafu wewe ukibonyeza mita inalinganisha. Wengine wanafikiri mita ilitoka kiwandani ikiwa na tokeni zote za maisha yake ndani. Zote mbili si kweli. La pili lisingewezekana kwa kumbukumbu tuliyoieleza.

Tokeni za stima zinafuata mfumo uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye ukawa kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41. Zile tarakimu 20 ni biti 66 zilizoandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kubonyeza. Ndani yake kuna aina ya tokeni, biti chache za kubahatisha, kiasi cha uniti ambacho kimepewa biti 16, nambari ya kukagua makosa yenye biti 16, na kitu muhimu kuliko vyote kwa mada yetu: muhuri wa wakati wenye biti 24. Muhuri huo unahesabu dakika ngapi zimepita tangu tarehe ya mwanzo, ambayo awali ilikuwa 1 Januari 1993, hadi wakati tokeni yako ilitengenezwa.

Yote haya yanafungwa kwa ufunguo wa siri. Katika toleo lililoenea sana ufunguo huo una biti 64, yaani baiti 8. Kila mita ina wake, unaotokana na vitu kama nambari ya mita, kundi la umeme na tarifa. Mita ikipata tarakimu 20 inazifungua kwa ufunguo wake. Zikifunguka na ile nambari ya kukagua ikakubaliana, mita inajua kwamba tokeni ni ya kweli na ni yake. Baiti 8 zinafanya kazi ambayo orodha ya tokeni isingeweza kuifanya hata kwa kumbukumbu ya kompyuta.

Hapa ndipo unapoona kwa nini nambari ya mita uliyoandika wakati wa kulipa ni muhimu kuliko kiasi ulicholipa. Ukikosea tarakimu moja na ikatokea kuwa ni mita ya mtu mwingine, tokeni itafungwa kwa ufunguo wa mita hiyo nyingine. Kwako haitafunguka hata ubonyeze mpaka asubuhi. Na kwa kuwa uniti tayari zimetolewa, kurudisha pesa kunahitaji kampuni ya stima ihakikishe kwamba tokeni haijatumika huko, ndiyo maana si jambo la dakika mbili. Soma nambari ya mita na jina, kama linaonyeshwa, kabla ya kuweka PIN.

Nafasi 50 tu

Kuna tatizo moja ambalo ufunguo hauwezi kulitatua. Tokeni ya kweli ukiibonyeza leo, kesho nayo bado ni ya kweli. Mita lazima ikumbuke kwamba imeshaitumia, la sivyo ungenunua tokeni moja mwaka huu na kuibonyeza kila jumatatu.

Ungefanyaje kama wewe ndiye fundi? Njia moja ni kutenga biti moja kwa kila dakika, kisha kuweka alama dakika ikitumika. Biti 24 zinatoa dakika 16,777,216. Alama moja kwa kila moja ni baiti 2,097,152, megabaiti 2 kamili. Kwa simu ni kidogo sana. Kwa mita iliyoundwa miaka ya 1990 iwe ya bei nafuu, ni ndoto.

STS ilichagua njia ya mwenye duka mwenye daftari dogo. Mita inatunza mihuri ya tokeni 50 za karibuni, angalau. Kila muhuri ni baiti 3, kwa hivyo orodha nzima ni baiti 150. Hiyo inaingia hata kwenye EEPROM ya chipu ya mfano wetu, na nafasi inabaki.

Tokeni ikifunguka vizuri, mita inatazama muhuri wake. Ukiwa tayari kwenye orodha, tokeni imeshatumika. Ukiwa wa zamani kuliko muhuri wa zamani zaidi uliopo kwenye orodha, mita inaikataa kwa kuwa ni ya zamani, kwa sababu haina njia ya kujua kama iliwahi kuitumia au la. Ukiwa si hivi wala si vile, uniti zinaongezwa, muhuri unaandikwa, na kama orodha imejaa, ule wa zamani zaidi unaondolewa.

Kwa maisha ya kawaida hii ina maana kwamba tokeni uliyonunua na kusahau kuiweka haiozi haraka. Ukinunua mara moja kwa mwezi, inaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya tokeni 50 mpya kupita juu yake. Lakini kama ni kibanda au plot ambapo watu wananunua ya shilingi 50 kila siku, nafasi 50 zinajaa ndani ya miezi miwili. Tokeni iliyolala kwenye meseji tangu Januari, ukiibonyeza Aprili, inaweza kukataliwa ingawa hakuna aliyeitumia. Weka tokeni siku hiyo hiyo. Ukiwa na mbili, anza na ya zamani.

Na jambo la kukutuliza: kubonyeza vibaya hakuunguzi tokeni. Muhuri unaandikwa baada ya tokeni kukubaliwa, si kabla. Ukikosea tarakimu ya 17, ile nambari ya kukagua inalikamata kosa, mita inakataa, na unaweza kurudia. Pole pole tu, maana baadhi ya mita hujifunga kwa muda ukikosea mara nyingi mfululizo.

Mwaka biti zilipoisha

Dakika 16,777,216 ni kama miaka 32 kasoro kidogo. Ukihesabu kutoka 1 Januari 1993 unafika 24 Novemba 2024. Siku hiyo ile hesabu ya biti 24 ilijaa, na hesabu ikijaa hurudi sifuri. Mita ambayo haijarekebishwa ingeona tokeni mpya zina mihuri midogo sana na ingezichukua kuwa za zamani. Haingezima stima iliyobaki ndani, lakini haingekubali kuongezwa. Hili lilikuwa tatizo la dunia nzima, kila mahali penye mita za STS.

Marekebisho yalikuwa kuhamisha tarehe ya mwanzo hadi 2014 na kuipa kila mita ufunguo mpya. Lakini mita hazina intaneti. Ufunguo mpya ungefikaje? Ulipitia vidole vyako. Tokeni moja haina nafasi ya kubeba biti 64 za ufunguo pamoja na mambo mengine, kwa hivyo ufunguo ulikatwa katikati: nusu ya biti 32 kwenye nambari ya kwanza, nusu ya pili kwenye nambari inayofuata. Ndiyo sababu wateja wa Kenya Power walipolipia stima walipata nambari tatu za tarakimu 20: mbili za ufunguo, ya tatu ya uniti zenyewe. Aliyeruka mbili za kwanza akabonyeza ya tatu alikataliwa, na alikuwa na kila sababu ya kudhani ameibiwa.

Ufunguo ukibadilika, tokeni yoyote ya zamani ambayo haikuwekwa haitafunguka tena, kwa sababu ilifungwa kwa ufunguo ule wa kwanza. Kwa hivyo mita ambayo bado haijarekebishwa, kwa mfano ya nyumba iliyokaa bila mpangaji, ishughulikiwe kwa utaratibu huu: kwanza tokeni zote za zamani ambazo hazijatumika, kisha nambari mbili za ufunguo kwa mpangilio uliotumiwa, na mwisho tokeni mpya. Zile nambari mbili zinahitajika mara moja tu. Kwa tarehe mpya ya mwanzo, hesabu itajaa tena Novemba 2045.

Wapangaji, jambo hili linawahusu kwa namna yake. Kama mita yako ni ndogo ya ndani ya plot, ambayo unalipia kwa Paybill ya mwenye nyumba au kampuni anayoitumia, ufunguo wake hauko Kenya Power. Ukipiga simu huko hawatakusaidia, si kwa kiburi, ni kwamba hawana ufunguo huo. Anayeuza tokeni za mita hiyo ndiye pekee anayeweza kutoa nambari za marekebisho. Mwulize yeye, na omba akutumie kwa meseji badala ya kukusomea kwa simu.

Kwa nini uniti hazipotei stima ikikatika

Uniti zilizobaki zinabadilika kila wakati, mchana na usiku. Kama mita ingeandika salio kwenye sehemu moja ya EEPROM kila sekunde, zile mara 100,000 zingeisha kwa saa 28 hivi. Ikiandika kila dakika, zingeisha kwa siku kama 70. Hakuna atakayenunua mita ya siku 70.

Kwa hivyo salio hukaa kwenye RAM wakati kazi inaendelea, na linanakiliwa kwenye kumbukumbu ya kudumu kwa nafasi, au pale mita inapohisi volti zinaanguka. Kapasita ndani ya mita hushikilia nguvu kwa muda mfupi sana, lakini unatosha kuandika baiti chache. Programu nzuri pia haiandiki sehemu ile ile kila mara. Inazunguka, leo hapa, kesho pale, ili uchovu ugawanywe.

Kuna sekunde moja ya hatari zaidi: stima ikikatika katikati ya kuweka tokeni. Ikiwa uniti zimeongezwa lakini muhuri haujaandikwa, tokeni ingeweza kutumika mara mbili. Ikiwa muhuri umeandikwa lakini uniti bado, mteja amepoteza. Ndiyo maana waundaji makini huandika vyote viwili kama rekodi moja na kuweka alama ya "imekamilika" mwishoni. Stima ikirudi na alama haipo, rekodi hiyo inatupwa na unabonyeza upya. Likikutokea, angalia salio kwanza. Likiwa limeongezeka, tokeni iliingia, hata kama kioo kilizima kabla ya kusema hivyo.

Ukikataliwa leo usiku

Anza na meseji yenyewe. Je, nambari ya mita iliyo kwenye meseji ndiyo iliyo kwenye mita yako? Kama hapana, acha kubonyeza na uwasiliane na kampuni ya stima ukiwa na msimbo wa muamala. Kama ndiyo, hesabu tarakimu. 19 au 21 si tokeni. Kama mita inasema imetumika, angalia salio, na uulize walio nyumbani, maana mara nyingi kijana alishaiweka kutoka kwa meseji uliyom-forwardia asubuhi. Kama inakataa tu bila kusema imetumika, pitia meseji zako uone kama uliruka nambari za ufunguo.

Kama pesa imekatwa na tokeni haijafika kabisa, usilipe mara ya pili kwa haraka. Kwa mita za Kenya Power, zinazolipiwa kwa Paybill 888880, unaweza kupiga *977# na kuitafuta tokeni yako ya mwisho. Kuchelewa kwa meseji na kukataa kwa mita ni mambo mawili tofauti, na yana ofisi mbili tofauti.

Kuhusu wale wa "app ya kutengeneza tokeni" na "fundi wa kureset mita kwa code": ufunguo wa biti 64 una uwezekano zaidi ya bilioni bilioni 18, na chipu hizi zina njia za kufunga kumbukumbu ili isisomwe kutoka nje. App ya simu haiwezi kuujua ufunguo wa mita yako. Inachoweza kujua ni PIN yako, ukiiandika humo. Mita haijawahi kuhitaji PIN ya simu ya mtu, na hakuna afisa wa stima wala wa kampuni yetu atakayekuomba PIN ili "kuachilia" tokeni. Akikuomba, kata simu kisha uripoti nambari hiyo.

Meseji za tokeni zisizowekwa ziko wapi kwenye simu yako? Tafuta neno "token" kwenye meseji sasa hivi. Ukipata moja ambayo hukuwahi kuiweka, ibonyeze leo kabla hujanunua nyingine.